Maswali ya Wasomaji: Mtandao wa Majirani na Kanuni ya Kutobagua

Barua tunazozijibu katika toleo hili zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinahusu mitandao ya meshi, yaani ile ambayo ruta zilizofungwa juu ya mapaa ya majirani hupokezana data kutoka nyumba hadi nyumba mpaka ifike penye lango la intaneti, pasipo mnara mmoja mkuu wa kuzihudumia nyumba zote. Baadhi ya barua tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyaondoa.

Kamati inataka kuzuia video nyakati za jioni

*Ndugu Mhariri, kikundi chetu kina nyumba 22 zinazochangia laini moja ya megabiti 20 kwa sekunde, tuliyoinunua kwa mtoa huduma mwenye leseni, na tunaigawana kwa ruta za meshi. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku mtandao huwa mzito kiasi kwamba hata ujumbe wa sauti hauendi, kwa kuwa vijana hutazama mpira na filamu. Kamati imependekeza tuzifunge tovuti za video katika saa hizo. Kijana mmoja alisimama mkutanoni akasema kwamba tukifanya hivyo tutakuwa tumevunja kanuni ya kutobagua data inayofuatwa Ulaya na Marekani. Je, kanuni hiyo inatuhusu? — Mwenyekiti wa kikundi, Kibosho, Moshi*

Mheshimiwa Mwenyekiti, kijana wenu amesema jambo lenye msingi, ingawa mipaka yake kisheria ni myembamba kuliko alivyodhani. Wazo hilo lilipewa jina la «network neutrality» mwaka 2003 na Tim Wu, profesa wa sheria wa Marekani, na kiini chake ni kwamba anayesafirisha data hapaswi kuamua ipi ipite upesi, ipi icheleweshwe na ipi izuiwe kwa kuangalia imetoka kwa nani au ni ya aina gani. Mjadala ulipamba moto mwaka 2007, ilipobainika kwamba Comcast, kampuni kubwa ya intaneti nchini humo, ilikuwa ikivuruga kimyakimya mawasiliano ya wateja waliotumia BitTorrent kubadilishana mafaili. Mwaka 2015 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipitisha amri yenye makatazo matatu: kuzuia maudhui halali, kuyabana kasi, na kupokea malipo ili data ya fulani itangulizwe. Tume hiyo hiyo iliifuta amri Desemba 2017, ikairejesha mwaka 2024, kisha mahakama ya rufaa iliyoko Cincinnati ikaitengua Januari 2025. Umoja wa Ulaya una kanuni yake, Na. 2015/2120, ambayo imetumika tangu Aprili 2016 bila kuyumbayumba namna hiyo.

Lakini sheria hizo zote ziliandikwa kwa ajili ya wanaouuzia umma huduma ya intaneti. Amri ya mwaka 2015 iliwaacha nje wenye migahawa na maduka ya vitabu wanaowapa wateja waifai, na mwongozo wa wadhibiti wa Ulaya nao unaziweka kando huduma zinazotolewa kwa kundi la watu waliokwisha kujulikana. Nyumba zenu 22, zilizoandikwa katika daftari la wanachama, zingeweza kuhesabiwa kuwa kundi la namna hiyo hata kama Kibosho ingekuwa Ujerumani. Kwa hiyo hakuna ofisa kutoka Brussels atakayewagongea mlango.

Mnaowajibika kwao ni wanachama wenu, na hapo ndipo kanuni hii inapowahusu kuliko inavyoyahusu makampuni. Mteja wa kampuni akiudhika anabadilisha laini ya simu. Mwanachama wenu akiudhika hana pa kwenda, kwa sababu mtandao ni huo mmoja na jirani ni huyo huyo. Tena maamuzi ya kamati hufanywa na waliohudhuria, na kama tujuavyo, asiyekuwepo na lake halipo. Mzee anayefuatilia misa kwa video kila jioni kwa kuwa hawezi tena kutembea hadi kanisani huenda hakuwa mkutanoni siku neno «video» lilipofanywa kuwa jina jingine la utoro wa vijana.

Kuna pia ugumu wa kiufundi ambao wajumbe wa kamati wanapaswa kuufahamu kabla ya kupiga kura. Sehemu kubwa ya data inayopita leo imefungwa kwa usimbaji, hivyo ruta haioni kilichomo ndani. Inachoweza kufanya ni kukisia kwa kutazama jina la tovuti inayoombwa. Makisio hayo yatamkamata mwanafunzi anayetazama somo la fizikia pamoja na mtazama filamu, na yatamwacha apite yule mjanja aliyeweka katika simu yake VPN, yaani programu inayoificha tovuti anayoifungua. Mtakuwa mmewaadhibu wasiojua teknolojia na kuwapa nafasi zaidi wanaoijua, jambo ambalo sidhani kama ndilo kamati ililokusudia.

Zaidi ya hayo, nadhani ugonjwa wenyewe haujatambuliwa sawasawa. Simu ya sauti huhitaji chini ya megabiti 0.1 kwa sekunde. Kwa laini ya megabiti 20 ni kiasi kidogo mno. Sauti haikwami kwa sababu video zimekula kila kitu, bali kwa sababu ruta nyingi huhifadhi foleni ndefu ya pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazosubiri kutoka, na pakiti ndogo ya sauti ikifika hupangwa nyuma ya mamia ya pakiti za video. Wataalamu wa intaneti wameushughulikia ugonjwa huu kwa miaka mingi, na dawa yake iko wazi na haiuzwi. Mojawapo ni fq_codel, iliyochapishwa kama waraka wa kiufundi RFC 8290 mwaka 2018. Nyingine ni CAKE, iliyoingizwa katika Linux mwaka huo huo. Zote zinapatikana katika OpenWrt, programu endeshi ya bure inayoweza kuwekwa kwenye ruta nyingi za bei ya kawaida. Kazi ya dawa hizo mbili ni kuipa kila safari ya data foleni yake, kisha kuzihudumia foleni hizo kwa zamu, bila kuuliza kilichomo.

Wakazi wa Kibosho hawana haja ya kufundishwa mantiki hii, kwa kuwa mfongo, yaani mfereji wa maji unaoshuka kutoka mlimani, umegawiwa kwa zamu tangu enzi za mababu: kihamba, yaani shamba la nyumbani, kinapewa saa zake, na hakuna anayekagua kama maji yamekwenda kwenye migomba au kwenye mboga. CAKE inaweza kupangiwa igawe kwa namna hiyo, nyumba kwa nyumba. Ikiwa kila nyumba ina ruta yake inayoonekana kwenye mtandao wa kikundi kwa anwani moja, basi nyumba yenye simu tisa haitapata zaidi ya nyumba yenye simu moja. Nyumba zote 22 zikitumia mtandao kwa wakati mmoja na kwa nguvu zote, kila moja itapata karibu megabiti 0.9, zikitumia tano tu, kila moja itapata megabiti 4. Video ya ubora wa HD, ambayo mara nyingi hutaka megabiti 3 hadi 5, itajishusha ubora yenyewe wakati wa msongamano na kuupandisha baadaye. Vijana wataona mpira ukiwa na ukungu kidogo saa mbili usiku, nanyi mtatuma ujumbe wenu.

Mwelekezeni fundi afunge mpangilio huo kwenye ruta ya langoni, na kasi aiweke chini kidogo ya ile mnayoinunua, tuseme megabiti 18 badala ya 20. Asipofanya hivyo, foleni itajijenga kwenye mitambo ya mtoa huduma, ambako CAKE yenu haina mamlaka. Kosa hili hufanyika mara nyingi, halafu watu husema dawa haifanyi kazi.

Kuna upendeleo mwingine ambao haukuzungumzwa mkutanoni kwa sababu hakuna mtu aliyeukusudia. Ruta yenye redio moja haiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja katika chaneli ile ile, hivyo kila data inapopokezwa na ruta moja zaidi kasi hushuka karibu nusu. Nyumba ya mwisho, iliyo nyuma ya mapokezano matatu na migomba minene inayonyonya mawimbi, hubaguliwa kila siku na jiografia, hata kama kanuni zenu zimeandikwa kwa haki kiasi gani. Kabla ya kununua megabiti zaidi, ningeshauri fedha za kikundi ziende kwenye ruta za redio mbili kwa mapaa yanayobeba mzigo mkubwa, na kwenye milingoti ya kuzipandisha antena juu ya migomba. Mwanachama wa mwisho anachangia sawa na wa kwanza, na kwa maoni yangu hilo ndilo dai la usawa lenye uzito kuliko yote katika mtandao wenu.

Paa ni langu, umeme ni wangu

*Mhariri, mimi ni fundi umeme na paa langu linapitisha data ya nyumba saba zilizo nyuma yangu. Antena niliinunua mwenyewe na LUKU nalipa mwenyewe. Je, ni vibaya nikiipa nyumba yangu kipaumbele? Na jirani ambaye halipi mchango, ninaweza kumkatia pale kwangu? — Fundi, Ngaramtoni, Arusha*

Ndugu Fundi, swali lako ndilo linaloutofautisha mtandao wa majirani na ule wa kampuni. Katika kampuni kuna msafirishaji mmoja na wateja wengi. Katika meshi kila mwenye paa ni mteja na msafirishaji kwa pamoja, hivyo kila mmoja anaweza kubaguliwa na kila mmoja anaweza kubagua.

Wenzetu waliotangulia waliliona jambo hilo mapema. Wanamtandao wa jamii wa Ulaya, wakiwemo wale wa Freifunk wa Ujerumani, waliandika mkataba mfupi unaoitwa Pico Peering Agreement, ambao unaweza kusomwa wote kwa dakika chache. Kifungu chake cha kwanza kinamtaka mwenye ruta aruhusu data ya wengine ipite bure, na asiibadilishe wala kuiingilia inapopita. Kifungu kingine kinampa uhuru ambao huenda hukuutarajia: hatoi dhamana yoyote ya huduma, na anaweza kuipunguza au kuiondoa wakati wowote. Guifi.net ya Catalonia, iliyoanza mwaka 2004 na sasa ina makumi ya maelfu ya vituo, inasimamia mtandao wake kwa leseni yenye msimamo unaofanana na huo kuhusu uhuru wa kupita.

Kwa hiyo una ruhusa ya kuizima ruta yako ukitaka kutengeneza paa, hata ya kujitoa kabisa. Usichoruhusiwa ni kubaki katikati huku ukiminya data ya watu wanaokutegemea. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ya kushangaza, kwa sababu kuzima ni kukubwa kuliko kuminya. Lakini ukizima, ruta za meshi hutambua na kutafuta njia nyingine, na majirani wanajua kilichotokea. Ukiminya, ruta zinaendelea kuamini kwamba njia yako ni nzima, na nyumba saba zinahangaika bila kujua chanzo.

Laini ya intaneti uliyojinunulia mwenyewe ni jambo jingine. Kama unayo na umeamua kuwagawia majirani ziada yake, ni halali kabisa kujitengea sehemu kwanza. Kupitisha data ya wengine ni wajibu wa kila aliyejiunga na mtandao. Kuwapa wengine intaneti yako ni hisani, na hisani ina mipaka anayoiweka mtoaji.

Kuhusu LUKU, dai lako ni la haki, ila dawa yake haimo katika kipaumbele. Ruta na antena zenye matumizi ya wati 10, zikiwaka mwezi mzima, hutumia kama uniti 7. Peleka hesabu hiyo kwenye kikao na udai kikundi kilipie uniti za kila paa linalopitisha data ya wengine. Ukijilipa mwenyewe kwa njia ya kasi, hakuna atakayejua umejilipa kiasi gani, na hata wewe hutajua.

Yule asiyelipa asikatwe kwako. Mchango wake ni wa laini ya intaneti, kwa hiyo akatwe langoni, kwa uamuzi wa kikao, baada ya taarifa. Data yake ya ndani ya kijiji iendelee kupita. Haimgharimu mtu fedha ya mtoa huduma, na ruta yake huenda inambeba jirani mwingine aliyelipa.

Nilipe zaidi ili wageni wangu wapate kasi?

*Nina nyumba ndogo ya wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro. Wageni hawavumilii intaneti nzito. Niko tayari kukilipa kikundi mara tatu ya mchango wa kawaida ili data ya wageni wangu itangulizwe. Wengine wanasema ni rushwa. — Mama mwenye nyumba ya wageni, Marangu, Moshi*

Mama yetu, si rushwa, lakini kuna namna mbili za kulipa zaidi, nazo hazifanani. Kulipia fungu kubwa zaidi hakukatazwi hata na kanuni ya Ulaya, ambayo inaruhusu wateja kukubaliana na mtoa huduma kuhusu bei, kiasi cha data na kasi. Kilichokatazwa ni kubagua kati ya data na data. Kwa hiyo kikundi kinaweza kukuuzia mafungu matatu, ukapata mara tatu ya mgawo wa nyumba moja, na ndani ya mafungu yako wageni wakatumia watakavyo.

Ulichokiomba wewe ni kutangulizwa, na huko ndiko ningekataa kama ningekuwa katibu wa kikundi. Anayetangulizwa hachukui fungu lenye ukubwa unaojulikana; anachukua chochote anachohitaji, kisha wengine wanagawana kilichobaki. Wageni wako kumi wakirudi kutoka mlimani siku moja na kuanza kupakia picha zao, kijiji kizima kitalipa kwa kusubiri. Isitoshe, fedha yako ya ziada ingekifanya kikundi kipendezwe na msongamano, maana mtandao ukiwa mwepesi hakuna atakayelipia kutangulizwa.

Pendekezo langu ni kwamba fedha yako iongeze ukubwa wa laini yenyewe, na katiba ya kikundi itaje kiwango cha chini ambacho hakuna nyumba itakayoshushwa chini yake, hata mafungu yakiuzwa kwa wangapi. Guifi.net wana utaratibu wa kufidiana gharama ambao kampuni zinazofanya biashara juu ya mtandao huo hushiriki kulipia miundombinu kadiri zinavyoitumia, na kwa miaka mingi biashara na wanakijiji wameishi humo pamoja.

Nikuonye jambo moja la kisheria. Wageni wako si wanachama. Mkianza kuuzia huduma watu wa nje, hoja ya kundi linalojulikana inadhoofika. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kutoa huduma za mtandao kunahitaji leseni, na mikataba mingi ya watoa huduma huzuia kuuza tena laini uliyouziwa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. Viongozi wa kikundi waende huko na mchoro wa mtandao wenu mkononi, waulize kabla ya kutoza mtu yeyote. Mitandao ya jamii si jambo geni nchini, kwa kuwa Kondoa, mkoani Dodoma, wamekuwa na mtandao wao kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kenya ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021 kwa kuweka utaratibu wa leseni mahsusi kwa mitandao ya aina hii.

Seva ya shule inayofunguka bure

*Shuleni kwetu tumeweka seva yenye Wikipedia ya Kiswahili na masomo ya hesabu, na nyumba zote za mtandao wetu zinaifungua hata kama hazijalipa mchango wa mwezi. Mwenzangu anasema huo ndio ubaguzi ule ule wa «intaneti ya bure» uliopigwa marufuku India. Je, ni kweli? — Mwalimu, Tengeru, Arusha*

Mwalimu, mwenzako amekumbuka kisa sahihi ila amekipachika pasipo pake. Facebook ilianzisha programu ya kufungua tovuti chache bila gharama ya data, kwanza Zambia Julai 2014, na miezi michache baadaye hapa Tanzania kupitia Tigo. Mwaka 2015 ikaitwa Free Basics. Mdhibiti wa mawasiliano wa India alipiga marufuku bei za kibaguzi za data tarehe 8 Februari 2016, na huduma hiyo ikaondoka nchini humo. Septemba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo iliamua kwamba vifurushi vya simu ambavyo baadhi ya programu hazihesabiwi haviendani na kanuni ya Ulaya.

Katika visa hivyo vyote, data ya tovuti zilizopendelewa na ya zile zisizopendelewa ilipita katika mitambo ile ile na kugharimu sawa; tofauti ya bei iliwekwa na kampuni kwa kuchagua. Data ya seva yenu haitoki Tengeru. Haigusi laini mnayoilipia, hivyo kutoitoza ni kusema ukweli kuhusu gharama. Ni sababu hiyo hiyo iliyowafanya watoa huduma wa Arusha wawe na kituo chao cha kubadilishana data, AIXP, ili data ya mtu wa Njiro kwenda kwa mtu wa Sakina isizungushwe mbali pasipo sababu.

Nina masharti mawili hata hivyo. La kwanza, data ya ndani ni bure kwa fedha lakini si bure kwa hewa: darasa zima likifungua video za masomo kwa pamoja, redio za ruta zitajaa, na anayepiga simu kupitia paa hilo hilo ataumia. Mafaili mazito yapangiwe kushushwa usiku. La pili lina uzito zaidi, nalo ni swali la nani anaamua kiwekwe nini. Kama ni mwalimu mkuu peke yake, mmejenga Free Basics ndogo yenye nia njema. Wekeni utaratibu ulio wazi ambao chama cha wakulima wa kahawa, kwaya, msikiti au mwanafunzi mwenye programu yake aliyoiandika mwenyewe anaweza kuomba nafasi kwenye seva na kuipata kwa masharti yale yale.

Ningeongeza kwamba vifurushi vya mitandao ya kijamii peke yake, ambavyo wengi wetu hununua kwenye simu, vina kasoro ileile, na mtandao wa meshi hauwezi kuiponya. Nyumba inayoleta kifurushi cha namna hiyo kama lango lake itawaletea majirani intaneti iliyokwisha kukatwa vipande. Nunueni laini isiyobagua, hata kama megabiti zake ni chache.

Picha chafu na michezo ya kubahatisha

*Wazazi tunataka kikundi kifunge tovuti za ngono na za kamari kwa mtandao mzima. Je, hilo nalo ni ubaguzi? — Mzazi, Njiro, Arusha*

Kinachokatazwa na sheria kikatazwe kwa wote, na hapo hakuna mjadala. Kwa yaliyobaki, kichujio kiwekwe kwenye ruta ya nyumba na si langoni. Fundi anaweza kuiandaa ruta ya kila nyumba iwe na kichujio ambacho mwenye nyumba anakiwasha au kukizima kwa nywila yake, na ninyi wazazi mkakiwasha nyote siku ya kwanza. Kichujio cha langoni kitahitaji msimamizi wa orodha, na orodha za namna hiyo huwa na tabia ya kurefuka. Leo ni kamari, kesho ni ukurasa wa mtu aliyemkosoa mweka hazina.

Mwenyekiti anataka kujua nani anatazama nini

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo na ndiye ninayeitunza ruta ya langoni ya kikundi chetu. Mwenyekiti ameniagiza nimletee orodha ya tovuti zinazofunguliwa na kila nyumba, ili ijulikane nani anaujaza mtandao. Ninaogopa kumkatalia mtu mzima. — Mwanafunzi, Sakina, Arusha*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vema kuuliza kabla ya kutekeleza. Hakuna anayeweza kubagua data pasipo kuichungulia kwanza, kwa hiyo uliyeombwa kuchungulia ndiye uliyeshika mlango wa mambo yote tuliyoyajadili katika kurasa hizi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu halali na asikusanye zaidi ya anachohitaji. Orodha ya tovuti za nyumba moja inaweza kufichua maradhi, madeni, dini na ugomvi wa ndoa. Kujua nani anaujaza mtandao hakuhitaji hata moja kati ya hayo.

Unachohitaji kukihesabu ni jumla ya gigabaiti za kila nyumba kwa wiki, ambayo ruta yenye OpenWrt inaweza kuitoa bila kutaja tovuti. Mpelekee mwenyekiti jumla hizo kwa heshima zote, tena mbele ya katibu, umweleze kwamba hicho ndicho kinachoonyesha mzigo wa kila nyumba, na kwamba majina ya tovuti hayapo kwa sababu ruta haiyahifadhi. Kabla ya kwenda kwake, ingia kwenye ruta uzime kumbukumbu ya maombi ya majina ya tovuti, ufute na ile ya zamani, ili utakalomwambia liwe kweli.